Flutzi ni nini? Maneno ya wacheza skeiti za barafu

Jumamosi iliyopita mama mmoja alisimama pembeni ya sakafu ninapofundishia vijana skeiti, hapa Ilazo, Dodoma, akaniuliza: “Mwalimu, nimekusikia ukimwambia mwanangu amepiga flutzi. Ni sifa au ni kosa?”

Ni kosa, mama, tena kosa linalohitaji maelezo.

Dodoma hatuna uwanja wa barafu. Vijana wangu huvaa viatu vyenye magurudumu ya mstari mmoja, na mbele kipande cha mpira mahali ambapo kiatu cha barafu kina meno. Lakini miruko ni ile ile na maneno ni yale yale.

Chuma cha kiatu cha barafu ni kama upanga ukatao kuwili. Chini yake, katikati, kuna mfereji mwembamba, na kila upande wa mfereji kuna makali. Ukilalia upande wa kidole kidogo cha mguu, unateleza kwa makali ya nje. Ukilalia upande wa kidole gumba, ni makali ya ndani. Mruko hupewa jina kwa namna ulivyoondoka chini, hata kama huko hewani yote inafanana.

Miruko mikubwa ni sita. Katika toluupu, flipu na Lutz unachomeka meno ya mguu mwingine ndipo ujirushe. Katika lupu, Salchow na Axel unaondoka kwa makali matupu. Axel Paulsen wa Norwei aliruka wake mwaka 1882, Ulrich Salchow wa Uswidi mwaka 1909. Axel ndio pekee unaoondoka ukitazama mbele, na kwa kuwa unatua kinyumenyume kama mingine, lazima uongeze nusu mzunguko. Ndiyo maana Axel wa mara nne una mizunguko 4 na nusu. Ilia Malinin wa Marekani alikuwa wa kwanza kuutua mashindanoni, Septemba 2022.

Sasa flutzi. Flipu na Lutz zote mbili unarudi kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, unachomeka meno ya kulia, unazunguka. Flipu inatoka makali ya ndani, Lutz makali ya nje. Ugumu wa Lutz ni kwamba unateleza kwenye upinde unaokwenda upande mmoja, kisha unazunguka upande wa pili. Mwili haupendi hivyo. Dakika ya mwisho kifundo cha mguu kinalala ndani, na ulichoruka ni flipu. Jina nalo limeunganishwa: flipu na Lutz, flutzi. Flipu iliyoponyokea makali ya nje huitwa lipi. Waamuzi huweka herufi e kando ya mruko wa namna hiyo, au alama ya mshangao makali yasipoonekana wazi.

Nilipokuwa najifunza Nairobi nilipiga flutzi kwa miezi bila kujua. Nilijirekodi kwa simu, nikaona kifundo changu kikianguka. Niliumia moyo sana siku ile.

Mengine ni mepesi. Wakseli ni Axel ambao mguu umeteleza kabla ya kuruka. Kupopu ni kufumuka hewani kama bisi, mizunguko mitatu ikawa mmoja. Kuibia ni kutua kabla mzunguko haujakamilika. Kuzunguka kama pia nako kuna majina yake: ukinyoosha mguu mmoja nyuma, mwili umelala, hiyo ni ngamia.

Yule mama akauliza nilijuaje, maana yeye hakuona kitu. Nikamwonyesha sakafu. Upepo wa Dodoma huleta vumbi jekundu kila asubuhi, na magurudumu huacha mstari juu yake, kama chuma kinavyochora barafu. Mstari wa Lutz ni upinde mmoja hadi pale mpira ulipogonga. Wa mwanawe ulikuwa umejipinda mwishoni kama herufi S. Akainama, akaufuata kwa kidole, kisha akamwita mtoto aje auone kabla haujafutika.