Mizani ni nini, na kwa nini kila lugha ina yake

Mizani ni kipimo cha sauti ndani ya mshororo wa shairi. Katika Kiswahili tunapima kwa silabi: silabi moja, mizani moja. Vitabu vingi vya marudio huishia hapo, na mwanafunzi wa sekondari hapa Kisumu hutoka darasani akiamini kwamba dunia nzima huhesabu hivyo. Sivyo. Mwingereza husikiliza mkazo, Mwarabu urefu wa silabi, Mchina toni, na Waebrania wa kale walipanga zaburi zao kwa njia ambayo vidole haviwezi kuihesabu. Kila lugha hupima kile ambacho sikio la wenyewe hukinasa kwanza.

Tuanze na yetu. Huu ni ubeti niliouandika nikiwawazia wavuvi wa pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria:

Jua linachwea Dunga, mitumbwi yote ziwani,
Wavuvi taa wafunga, omena wako njiani,
Upepo wajaza tanga, mawimbi yana utani,
Mwezi ukija ni janga, nyavu zarudi nyumbani.

(Kwa msomaji asiyeishi kando ya ziwa: omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivuti kitu.)

Ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane: ju-a-li-na-chwe-a-Du-nga, kisha mi-tu-mbwi-yo-te-zi-wa-ni. Jumla kumi na sita. Angalia "mbwi" na "chwe". Herufi ni nyingi lakini kinywa hufunguka mara moja tu, basi ni mizani moja. Kinachohesabiwa ni sauti, si wino.

Wengi huteleza kwenye m na n. "Mbuzi" ni mbu-zi, mizani mbili, ilhali "mvuvi" ni m-vu-vi, tatu. Tofauti inatoka wapi? Katika "mvuvi", m ni kiambishi cha ngeli, ina uhai wake: mvuvi, wavuvi. Katika "mbuzi" imeshikana na b na haitengani nayo. Halafu kuna maneno mafupi kama "mbwa", "nchi" na "nge". Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno linalosimama peke yake lazima lipate silabi mbili ili mkazo upate pa kukaa. Ndiyo maana tunasema m-bwa, n-chi, n-ge. Tamka "mbwa" polepole utausikia mkazo umeketi juu ya m yenyewe. Maneno ya mkopo nayo yana hesabu yake: "daktari" darasani huhesabiwa da-k-ta-ri, nne, na "labda" la-b-da, tatu. Mbukusu anayesema "mutu" badala ya "mtu" hajapoteza wala kuongeza mizani hata moja, kwa hivyo aachwe aghani kwa raha zake.

Mshairi akibanwa na hesabu ana milango ya kutokea. "Aliyekuja" ni mizani tano. Akiandika "alokuja" zinabaki nne, na hiyo ndiyo inkisari. Akirefusha neno ili kujaza pengo, ni mazida. Katika ubeti wangu nimeandika "wajaza" badala ya "unajaza" nikaokoa mizani moja, ingawa hapo sarufi haijaguswa, maana wakati wa -a- ni wakati halali kabisa. Wanafunzi wengi huuita inkisari kila wanapouona. Mimi nisingewapa alama.

Nane kwa nane ndiyo maarufu, lakini haiko peke yake. Utenzi huwa na vipande vifupi vya mizani nane. Wimbo hukaa kwenye kumi na mbili. Ukawafi una kumi na tano, zilizokatwa sita, nne, tano. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizi katika kitabu chake cha mwaka 1954, naye alikuwa mkali: tungo isiyo na vina na mizani hakuihesabu kuwa shairi. Kauli hiyo tutairudia.

Sasa twende Japani, kwa sababu Mswahili ana bahati huko. Haiku ina vipande vitatu vya sauti tano, saba na tano. Walimu huandika ubaoni "silabi 17" wakaendelea, lakini Wajapani hawahesabu silabi jinsi Mwingereza anavyozihesabu. Wanahesabu kipande kidogo zaidi cha muda. Irabu ndefu ni mbili: jina la jiji la Tokyo, ambalo sisi hulitamka kwa silabi mbili tu, kwao ni to-o-kyo-o, nne. Na n inayofunga silabi huhesabiwa peke yake. Neno lao la gazeti, shimbun, ni nne: shi-m-bu-n. Mzungu husumbuka sana kuelewa vipi n tupu inaweza kuwa pigo kamili. Mtu aliyekua akisema "nchi", "mtu" na "taa" (ta-a, mbili) hahitaji maelezo marefu.

Basi haiku kwa Kiswahili inawezekana bila kuilazimisha. Jaribu hii ya alasiri ya masika mjini Kisumu:

Mvua yaja –
mama, anua nguo!
Jua lacheka.

Tano, saba, tano. Lakini hesabu ni nusu tu ya kazi. Haiku ya jadi hutaka neno linalotaja msimu, na hutaka mkato, mahali ambapo picha moja huvunjika na nyingine huingia bila daraja kati yao. Hapa msimu ni mvua, na mkato uko kati ya nguo na jua. Matsuo Basho, bwana wa sanaa hii aliyefariki mwaka 1694, hata hakuiita haiku. Katika enzi yake kilikuwa kipande cha kufungulia shairi refu la kupokezana, na jina tunalolitumia lilienezwa na Masaoka Shiki karne mbili baadaye. Ugumu wa Mswahili katika haiku uko kwingine: maneno yetu ni marefu. "Tutaonana" peke yake ni mizani tano, mstari mzima umekwisha. Mwingereza ana tatizo la kinyume. Maneno yake ni mafupi, na silabi 17 humpa nafasi kubwa mno kiasi kwamba haiku yake huwa na maneno mengi kuliko ya Kijapani. Ndiyo sababu washairi wengi wa Kiingereza wameiacha hesabu ya 5-7-5 na kuandika fupi zaidi.

Kiingereza chenyewe hupima mkazo. Soneti ya Shakespeare, katika zile 154 zilizochapishwa mwaka 1609, ina mistari 14, na kila mstari una silabi kama kumi zenye mapigo matano: nyepesi-nzito, nyepesi-nzito, hadi mwisho. Hili huwezi kulihamisha. Mkazo wa Kiingereza hurukaruka, mara mwanzo wa neno, mara mwisho, na mshairi huuchezea. Wa Kiswahili umepigiliwa msumari kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiandika soneti ya Kiswahili utapata mistari 14 na vina, ila mapigo yale hutayapata kwa urahisi. Waitalia walioianzisha soneti huko Sisili katika karne ya 13 walikuwa wakihesabu silabi, kumi na moja kwa kawaida, kwa hiyo Mswahili anayetaka kutunga soneti afadhali aazime kwa Petrarca kuliko kwa Shakespeare. Wafaransa nao wana mstari wa silabi kumi na mbili unaokatika katikati, sita kwa sita. Mwenye kuzoea ukwapi na utao atajihisi yuko nyumbani.

Waarabu hupima urefu: silabi fupi na ndefu hupangwa kwa ruwaza maalumu. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, mwanachuoni wa karne ya 8, alizipanga bahari, yaani ruwaza za mizani, kumi na tano, na baadaye ikaongezwa ya kumi na sita. Washairi wa pwani yetu waliisoma elimu hiyo vizuri, lakini walipotunga kwa Kiswahili walihesabu silabi, kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi silabi fupi na ndefu kama Kiarabu. Walichukua vina na adabu za utunzi, kipimo wakakitoa kwenye lugha yao wenyewe.

Wasomali wana kisa kinachonifurahisha zaidi. Kwa vizazi walitunga mashairi yenye kipimo kikali, na mtunzi aliyekosea aligunduliwa papo hapo na wasikilizaji, ilhali hapakuwa na aliyeandika kanuni yenyewe. Ilipofika mwaka 1976 ndipo mshairi Gaarriye alipoieleza gazetini jinsi irabu fupi na ndefu zinavyohesabiwa. Masikio yalikuwa yanajua siku zote.

China wakati wa nasaba ya Tang, enzi ya washairi Li Bai na Du Fu katika karne ya 8, kulikuwa na shairi la mistari minane, kila mstari maneno matano au saba ya silabi moja moja. Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi iko kwenye toni: mahali fulani lazima neno liwe la toni tulivu, mahali pengine la toni inayopanda au kushuka, na mistari miwili inayofuatana ikabiliane. Msemaji wa Kiswahili kitupu huona ni uchawi. Mjaluo haoni hivyo, kwa kuwa Dholuo ni lugha ya toni, na sauti ikipanda au kushuka maana inaweza kubadilika.

Na zaburi, ambazo husomwa kila Jumapili kuanzia Kakamega hadi Homa Bay? Hapo kipimo kikuu ni wazo. Mstari wa kwanza husema jambo, wa pili hulisema tena kwa maneno mengine, au hulipinga, au huliongezea. Hii ndiyo sababu zaburi hupenya tafsiri bila kuharibika. Mizani ya silabi hufia njiani lugha inapobadilishwa, lakini wazo linalorudiwa huvuka nalo. Zaburi ya 119 ina pambo jingine ambalo tafsiri haiwezi kulibeba: sehemu 22, kila moja na mistari minane inayoanza kwa herufi moja ya alfabeti ya Kiebrania.

Huku kwetu magharibi kuna tungo zinazomchanganya mwanafunzi aliyezoea vidole. Mpiga nyatiti, ala ya Wajaluo, ana nyuzi nane, njuga za gara mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga kwenye mti wa ala yenyewe. Katikati ya wimbo mtu husimama, hutoa hela, muziki hupunguzwa, naye hujisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, rafiki wa nani. Ndiyo pakruok, na kwa istilahi za darasani ungeiweka kwenye majigambo. Ukihesabu silabi za anayejisifu hutapata namba inayojirudia. Anayetunza kipimo ni mguu wa mpigaji. Kwa Wabukusu, omuswala kumuse anayehutubia waombolezaji baada ya mazishi ya mzee hana hata ala, ila ana mwendo wake wa kutembea uwanjani, kurudia na kunyamaza, na waliokuja kumsikiliza hujua mara moja kama anaiweza au anababaisha.

Ndipo turudi kwa Kaluta Amri Abedi. Euphrase Kezilahabi alipoleta mashairi huru katika miaka ya 1970, wanajadi walisema hayo si mashairi kwa kuwa hayana vina wala mizani. Mabishano yalikuwa makali, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilitumia mizani kwa maana finyu. Shairi huru zuri lina kipimo: marudio, urefu wa mshororo, mahali pa kupumua. Halina namba moja inayojirudia toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo swali la muundo likija kwenye karatasi ya fasihi na shairi likawa huru, usiandike "halina mizani". Hesabu mishororo mitatu au minne, toa idadi ya kila mmoja, kisha useme mizani inabadilika au haina urari, na utaje kinacholibeba shairi badala yake. Mtahini ataona kwamba umelisoma kwa sikio.