Mpiga fidla wa baroko ndo mtu gani hasa?

Wengi wakisikia hilo jina wanadhani ni mtu yeyote anayepiga muziki wa watunzi wa zamani kama Bach au Vivaldi. Siyo. Bach anapigwa na kila mtu, hadi watoto wanaojifunza. Huyu anaitwa hivyo kwa sababu ya fidla yenyewe na anavyoishika, yani anapiga muziki wa Ulaya wa kama 1600 mpaka 1750, ndo unaoitwa baroko, kwa chombo cha enzi hizo, au kilichoundwa kufanana nacho.

Fidla tunayoiona leo, hata ile ya kwenye taarab, ni ya juzijuzi tu. Ya baroko nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo, upinde mfupi na mwepesi zaidi, na hakuna kile kibao cha kuwekea kidevu, hicho kilikuja kama 1820 na aliyekileta ni Mjerumani Louis Spohr. Sauti nayo siku hizi wanaishusha kama nusu toni, noti ya la iko hezi 415 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440. Na hizo nyuzi za utumbo ni za kudeka balaa, ukumbi ukiwa na joto au unyevu kidogo tu zimeshatoka kwenye sauti yake, ndo maana hawa jamaa kila baada ya kipande kimoja utawaona wanarekebisha nyuzi upya.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Mfano mzuri kwangu ni Sigiswald Kuijken wa Ubelgiji, kazaliwa 1944. Kasoma fidla ya kawaida konsevatori (chuo cha muziki) ya Brussels, kamaliza 1964, lakini hii ya zamani hakuna aliyemfundisha, kajifundisha mwenyewe. Mwaka 1969 akaanza kupiga fidla ikiwa imelala tu begani, haibanwi na kidevu. Unaweza kuona ni kitu kidogo ila jaribu uone. Mpigaji wa kawaida kidevu ndo kinashikilia, mkono wa kushoto unapanda na kushuka bila wasiwasi. Ukitoa kidevu, mkono ukirudi chini unaondoka na fidla yako, kwa hiyo inabidi kidole gumba kitambae polepole mbele ya vidole vingine, na mtu aliyepiga miaka 15 anajikuta ameanza upya kama mwanafunzi. Faida yake ni kwamba huwezi tena kuteleza ovyo huku na huku, unalazimika kuchagua unahama wapi, na muziki unatoka kama mtu anayeongea, na vituo vyake.

1972 akaanzisha okestra ya La Petite Bande, jina limetoka kwa wanamuziki wa mtunzi Lully kwenye jumba la mfalme wa Ufaransa. Kaka yake Wieland ni wa viola da gamba, chombo cha nyuzi kinachoshikwa katikati ya miguu, mdogo wao Barthold filimbi, familia nzima humohumo.

Halafu kuna ualimu, na hapa ndo naona uzito wa mtu kama huyu. Alifundisha konsevatori ya The Hague, Uholanzi, 1971 hadi 1996, na Brussels 1993 hadi 2009. Wanafunzi wakawa wanatoka nchi za mbali wanamfuata, wakimaliza wanaenda kufundisha wengine. Yani yeye mwenyewe alikosa mwalimu kwahiyo walimu wake wakawa vitabu vya zamani vya kufundisha fidla, kama cha Geminiani cha 1751 na cha Leopold Mozart cha 1756, mwaka uleule aliozaliwa mwanae Wolfgang, yule mtunzi maarufu. Mwalimu wa fani hii kwa hiyo hafundishi vidole tu, anakukalisha na kitabu cha zamani muulizane hii noti ilitakiwa ivutwe upinde chini au isukumwe juu, na kwa nini.

Kipato? Ajira ya kudumu ni chache mno, wengi wanaruka kundi hili hadi lile, tamasha hapa, rekodi pale, na saa za kufundisha katikati. Fidla mbili ndani ya nyumba pia ni kawaida, maana kazi ya 440 ikija nayo huikatai.