"Havifanani" si jibu

Nimechoka kusoma mabishano yanayofungwa kwa sentensi moja: "Huwezi kulinganisha vitu hivyo, havifanani." Wasomaji hushangilia kana kwamba hoja imevunjwa. Nafundisha mantiki, na nasema wazi kwamba hapo hakuna kilichovunjwa.

Analojia, yaani hoja ya kulinganisha, haidai kuwa vitu vinafanana. Kwa Wagiriki neno hilo lilikuwa la hesabu, likimaanisha usawa wa uwiano: 2 kwa 4 ni kama 3 kwa 6. Nani atalalamika kuwa 2 haifanani na 3? Aristotle alisema uwiano unahitaji angalau pande nne, na mfano wake ni huu: uzee kwa maisha ni kama jioni kwa siku. Uzee na jioni havina sura moja. Kilicho kimoja ni uhusiano.

Waarabu wana neno qiyas, kutoka mzizi wa kupima, na ndilo lililotupa sisi "kiasi". Kamusi hupita haraka hapa. Kwa wanamantiki wa Kiarabu, qiyas ni hoja ya madokezo mawili, yaani kauli mbili za kuanzia, na hitimisho. Analojia wao huiita tamthil. Ni wanafiqhi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walioita analojia qiyas, na hakuna walioichambua kwa subira kuwashinda. Wanataka asili (jambo ambalo hukumu yake inajulikana), tawi (jambo jipya), hukumu na illa, yaani sababu inayobeba hukumu. Katika mfano wa madarasani, asili ni mvinyo wa zabibu, tawi ni kinywaji cha tende kinacholevya, hukumu ni uharamu, illa ni kulevya. Rangi, ladha na tunda havimo kabisa. Ukitaka kuipinga hoja, onyesha kwamba illa si hiyo, au kwamba kwenye tawi haipo. Tofauti isiyoigusa illa, hata ziwe mia, haina kazi.

Ugumu wa kweli, ambao vitabu vya kiada huufunika, ni kuijua illa yenyewe. Wataalamu huchuja sifa moja baada ya nyingine, na bado hutofautiana. Ibn Hazm, mwanafiqhi wa Andalusia (Hispania ya Waislamu), katika karne ya 11, aliikataa qiyas yote katika sheria: sababu ambayo andiko halikuitaja, wewe umeitoa wapi? Swali hilo linanisumbua mpaka leo, na majibu niliyosoma hayajaniridhisha. Lakini tazama alipogonga: aligonga illa. Hakuhangaika kuhesabu tofauti za tende na zabibu.