Wachezaji chipukizi wa tenisi: sevu ifundishwe kabla miguu haijachoka

Katika viwanja vingi vya tenisi, mazoezi ya watoto hufungwa kwa namna moja: kocha huburuta kikapu cha mipira hadi kwenye mstari wa nyuma, na watoto hupiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, mfululizo mpaka kikapu kibaki kitupu. Desturi hiyo ina sababu zake, kwani haihitaji mpinzani wala maelezo mengi, na inamwezesha kocha mmoja kuwashughulisha watoto wengi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kwa mtazamo wetu sisi tunaoshughulika na tiba ya viungo, huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumpigisha mtoto sevu.

Sevu ndiyo pigo pekee ambalo mchezaji hulianza mwenyewe bila kusubiri mpira wa mpinzani, na ndilo linaloutumikisha mwili kuliko mengine. Nguvu yake haitoki begani, kama wazazi wengi wanavyodhani. Huanzia kwenye nyayo zinapoisukuma ardhi, ikapanda kupitia magoti yaliyokunjwa, nyonga na kiwiliwili kinachojizungusha, ndipo ikafika kwenye bega, kiwiko, kifundo cha mkono na hatimaye raketi. Daktari wa Marekani, Ben Kibler, alikadiria kwamba zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya sevu hutokana na miguu, nyonga na kiwiliwili. Hesabu zake zinaonyesha pia kwamba nguvu itokayo kwenye nyonga na kiwiliwili ikipungua kwa asilimia 20, bega hulazimika kuongeza kasi yake ya kuzunguka kwa takriban asilimia 34 ili mpira uende vilevile. Wataalamu waliopiga picha za sevu katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 walikuta jambo linalolingana na hilo: wachezaji waliokunja vizuri goti la mbele walibeba mzigo mdogo begani na kwenye kiwiko kuliko wale ambao goti lao lilikunjika kidogo tu.

Sasa tumtazame mtoto wa miaka 13 aliyekwisha kukimbia uwanjani kwa saa moja na nusu. Mara nyingi kinachomwangusha kwanza ni miguu, si mkono. Goti ambalo mwanzoni lilikunjika na kumnyanyua kutoka ardhini sasa limenyooka, na nyayo haziondoki chini. Mkono wa kurushia mpira unashuka mapema, hivyo mpira haufiki juu ya kutosha au unakwenda nyuma ya kichwa, naye analazimika kuupinda mgongo ili aufikie. Anaupiga ukiwa umeshaanza kushuka, kiwiko kikiwa kimekunjika, nao unaishia kwenye wavu. Kati ya sevu moja na nyingine anautikisa mkono au analizungusha bega. Kocha aliye upande wa pili akipaza sauti, "Ongeza nguvu!", mtoto atatii, lakini nguvu pekee aliyobaki nayo ni ya mkono. Kasi ya mpira haitoshi kuwa kipimo hapa, kwa kuwa kijana mwenye bidii anaweza kuilinda kwa muda kwa kulitumikisha bega zaidi, na mzazi aliyekaa pembeni asitambue lolote.

Mwili wa mtoto una udhaifu ambao wa mtu mzima hauna. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa hurefukia, na tabaka hilo ni laini kuliko mfupa uliokomaa na kano zinazouzunguka. Kuvutwa mara kwa mara bila mapumziko huliumiza tabaka hilo begani na upande wa ndani wa kiwiko. Kipindi cha hatari zaidi ni kile cha kurefuka kwa kasi, ambacho kwa wasichana wengi hufikia kilele kwenye miaka 11 au 12 na kwa wavulana kwenye miaka 13 au 14. Mgongo nao hauko salama. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2007, ambao uliangalia picha za MRI za vijana 33 wa tenisi wa kiwango cha juu wasiokuwa na malalamiko ya mgongo, ulikuta 28 kati yao wana kasoro fulani kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kusema "mbona hajalalamika" hakutoshi.

Wazazi hutuuliza sevu ngapi zinatosha. Mchezo wa besiboli wa watoto nchini Marekani uliamua suala hilo zamani: tangu mwaka 2007, shirika lake la Little League huhesabu mipira anayorusha mtoto, na mwenye miaka 11 au 12 haruhusiwi kuvuka 85 kwa siku. Tenisi haina sheria ya namna hiyo, kwa hiyo hesabu inabaki mikononi mwa kocha na mzazi. Tuifanye kwa mechi ya kawaida. Mechi hugawanywa katika seti, na seti katika michezo midogo ambayo wachezaji hupokezana kuianzisha, hivyo seti yenye michezo kumi humpa kila mchezaji michezo mitano ya kuanzisha. Kila mchezo ukiwa na pointi sita hivi, na baadhi ya sevu za kwanza zikikosa na kurudiwa, mtoto hupiga takriban sevu 40 kwa seti. Seti mbili ni 80, seti tatu ni 120, kabla hatujahesabu za kupasha mwili moto. Katika mashindano ya vijana, aliyecheza peke yake asubuhi anaweza kupangiwa mechi ya wawili wawili jioni. Tena bega hilohilo ndilo linalotumika kurusha mkuki, kucheza mpira wa wavu au mpira wa mikono katika UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari nchini Tanzania, jambo ambalo kocha wa tenisi huenda hana habari nalo asipouliza.

Kuna tofauti nyingine kati ya mechi na kikapu ambayo haizungumzwi sana. Katika mechi, mchezaji ana hadi sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine, na akishamaliza mchezo wake wa kuanzisha humpisha mpinzani kwa mchezo mzima. Kwenye kikapu, mtoto huinama, huokota na kupiga kila baada ya sekunde chache. Anachojifunza hapo ni namna ya kupiga sevu akiwa amechoka, na mwili huhifadhi kosa kama unavyohifadhi jambo sahihi.

Ushauri wetu ni kwamba sevu ihamishiwe mwanzoni, mara baada ya kupasha mwili moto, na ipigwe kwa mafungu ya nane hadi kumi yenye mapumziko ya dakika moja au mbili. Kocha asimame pembeni, aliangalie goti badala ya kuufuata mpira, na goti likiacha kukunjika zoezi likome, hata kama fungu halijaisha. Tunatambua kwamba mechi nyingi huamuliwa wachezaji wakiwa wamechoka, na kijana wa miaka 17 aliyemaliza kukua anaweza kupewa mafungu machache mwishoni ili azoee hali hiyo. Mtoto anayerefuka kwa kasi asipewe. Sevu ya pili inayouzungusha mpira sana, inayomtaka aupinde mgongo, nayo isubiri. Siku mbili baada ya mashindano zibaki bila sevu kabisa.

Vifaa pia vina sehemu yake. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliondoa mpira wa kawaida wa manjano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake tangu mwaka 2012, na badala yake hutumika mipira myekundu, ya chungwa na ya kijani isiyodunda juu sana. Raketi ya kaka mtu, ndefu na nzito, haifai hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Maumivu ya bega yanayomwamsha mtoto usiku, maumivu ya kiwiko yanayorudi kila akipiga, au maumivu ya kiuno anapojipinda nyuma ambayo yamezidi wiki mbili, yanahitaji daktari. Dawa ya kuchua haitibu gegedu iliyoumia, na kidonge cha maumivu kabla ya mechi ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa huondoa onyo na kuacha jeraha.

Akisharuhusiwa kurudi, mtoto aanze kwa kuiga mwendo wa sevu bila mpira, kisha apige polepole akiwa amesimama kwenye mstari wa sevu, mita 6.40 kutoka kwenye wavu, ndipo arudi taratibu hadi mstari wa nyuma. Kila hatua ichukue siku kadhaa, na maumivu yakijitokeza arudishwe hatua moja.