Je, wajua kwa nini nje ya shule Uingereza huruhusiwi hata kusimamisha gari?

Shemeji yangu anaishi katika mji mdogo Uingereza, nje ya London, na si mtu wa madeni. Siku bahasha ya halmashauri ilipodondoka mlangoni kwake ikiwa na tiketi ya tozo na picha mbili za gari lake nje ya shule ya mwanawe, alinipigia simu sauti imepanda. Picha ya kwanza ilipigwa saa 2 na dakika 41 asubuhi, sekunde ya 7. Ya pili, dakika hiyohiyo, sekunde ya 36. Kati ya picha hizo mbili mlango wa nyuma umefunguka na mgongo wa mtoto mwenye begi la bluu unaonekana.

"Sekunde 29!" akasema. "Na mimi sikupaki. Nilisimama tu mtoto ashuke, injini inanguruma, hazadi zinawaka."

Utetezi huo ungemfaa mahali pengine pengi. Kwenye mistari miwili ya njano, ambayo kila dereva wa Uingereza anaijua, kilichokatazwa ni kuegesha. Kumshusha abiria na kuondoka kwa kawaida si kosa pale. Mbele ya geti la shule kuna mchoro mwingine, mistari ya njano ya zigizaga iliyopigwa ukingoni mwa barabara, na katikati yake maandishi makubwa yanayotaka mlango wa shule uachwe wazi. Kukiwa na kibao cha njano juu ya nguzo kinachotaja siku na saa, tuseme Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, basi kilichokatazwa ni kusimama kwenyewe. Kanuni ya 238 ya mwongozo wa barabara wa nchi hiyo inasema wazi kwamba hata kushusha na kupakia abiria hakuruhusiwi. Anayetumia kadi ya bluu ya walemavu, ambaye kwenye mistari ya njano ya kawaida anaweza kuruhusiwa kuegesha kwa muda wa saa tatu, hapa naye haruhusiwi katika saa hizo. Kiswahili chetu cha mjini kinatenganisha vizuri kupaki na kusimama, lakini tunazoea kuamini kwamba anayesimama hana kosa. Kwenye zigizaga ya njano kosa ni hilohilo.

Kwa nini wawe wakali hivyo? Njia rahisi ya kuelewa ni kuchuchumaa. Nenda nyuma ya gari lolote lililoegeshwa, inama hadi macho yako yawe kama mita moja kutoka chini, kisha jaribu kutazama barabara. Utaona boneti, taa na kioo cha pembeni. Barabara huioni mpaka utoe kichwa nje ya gari, na ukishakitoa mwili nao umeshaingia barabarani. Huo ndio urefu wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza. Dereva anayekuja naye hamwoni mtoto, kwa sababu gari lililosimama linamficha mzima mzima. Isitoshe, watoto wadogo hawajaweza kukadiria vizuri kasi ya gari linalowajia, hata wakiliona.

Hapo ndipo hesabu ya breki inapoingia. Mwongozo huohuo unaeleza kwamba gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, linahitaji mita 23 kusimama kabisa. Kati ya hizo, mita 9 zinakwisha kabla mguu haujagusa breki, dereva bado anang'amua anachokiona. Kwa maili 20 kwa saa umbali wote unashuka hadi mita 12. Sasa weka mtoto anayechomoza ghafla kati ya magari mawili yaliyobanana, mita 10 mbele yako. Kwa kasi yoyote kati ya hizo mbili utamfikia kabla hujasimama, tofauti ni nguvu tu ya kumgonga. Zigizaga inaacha uwazi ili mtoto na dereva waonane kutoka mbali. Akisimama mzazi mmoja kwa sekunde 29, uwazi umezibwa kwa sekunde 29, na nyuma yake anakuja mwingine mwenye sekunde zake. Saa ya kuingia shule ni dakika 15 hivi za purukushani, na gari likiondoka hapo nafasi haikai tupu.

(Usichanganye na zigizaga nyeupe. Ile huwa kandokando ya kivuko cha waenda kwa miguu, na polisi akikukamata umesimama pale unaweza kupata pointi 3 kwenye leseni. Ya njano haina pointi, na tiketi yake si kosa la jinai. Ni tozo ya halmashauri.)

Kilichomuuma zaidi shemeji ni kamera. "Angalau wangemtuma mtu nimwone usoni!" Bahati mbaya kwake, shule ni mojawapo ya sehemu chache ambako sheria iliiacha kamera ifanye kazi. Tangu Aprili 2015 halmashauri za England zimezuiwa kutumia kamera kutoa tiketi za maegesho karibu kila mahali, baada ya malalamiko kwamba zinawachuma madereva bila kuwasikiliza. Zikabaki njia za mabasi, vituo vya mabasi, barabara zenye mistari myekundu, na zigizaga za shule. Sababu inaeleweka. Askari wa maegesho mmoja anaweza kuwa na shule kadhaa za kuzizungukia, na zote zinafungua milango kwa wakati mmoja. Tena akitokeza kona, magari yote yanaondoka kwa adabu, na kesho yake, akiwa shule nyingine, yanarudi.

Tiketi yenyewe ina bei mbili. Nje ya London kosa hili ni pauni 70. London kiwango cha juu kilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 130 hadi 160. Ukilipa mapema unalipa nusu: ndani ya siku 14 kama tiketi ilibandikwa kwenye kioo cha gari, siku 21 kama ilitokana na kamera na kuja kwa posta. Ukiipuuza inaongezwa nusu ya bei kamili, baadaye deni linasajiliwa mahakamani, na mwisho wake ni madalali wa mahakama kubisha hodi. Anayeona ameonewa anaandika pingamizi kwa halmashauri, na akikataliwa anakata rufaa bure kwenye baraza lisilo chini ya halmashauri hiyo. Kibao kukosekana au mistari kufutika kabisa ni hoja zenye uzito. Haraka ya kuwahi kazini haina uzito wowote. Shemeji alikwenda kukagua nguzo, akakuta kibao kipo, kinang'aa, akarudi nyumbani na kulipa pauni 35 siku ya 20.

Je, ni mradi wa pesa? Swali halali. Sheria ya mwaka 1984 inaibana halmashauri: ziada inayotokana na maegesho ya barabarani iende kwenye mambo yaliyotajwa, mengi yakiwa ya usafiri na barabara. Binafsi sidhani kwamba hilo linamtuliza aliyepigwa tiketi, na wala sioni kwa nini limtulize.

Mahali pengine wameona rangi na kamera havitoshi, wakafunga mtaa wenyewe. Mji wa Bolzano, kaskazini mwa Italia, ndio unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuzuia magari kwenye mtaa wa shule wakati watoto wanaingia na kutoka. London sasa ina mitaa ya namna hiyo zaidi ya 500. Saa ikifika, magari hayaingii isipokuwa ya wakazi na wengine wenye ruhusa, kisha mtaa unafunguliwa tena.

Dar es Salaam walianzia upande mwingine, kwa sababu huko shida kubwa si mzazi mwenye gari. Wanafunzi wengi wanakwenda shule kwa miguu kando ya barabara kubwa. Mradi wa usalama barabarani kwenye maeneo ya shule uitwao SARSAI, ulioshinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI mwaka 2019, uliweka njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari. Kwa baadhi ya shule geti lenyewe lilihamishwa kutoka barabara yenye magari mengi likafunguliwa upande wa mtaa uliotulia.

Nilipomsimulia shemeji habari ya kuhamisha geti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama inawezekana kuwaandikia shule ya mwanawe. Kwa sasa anaacha gari mtaa wa tatu, wanatembea dakika nne. Mtoto analalamika mvua.