Je, wajua kwa nini kufuta VAT hakukushusha bei ya taulo za kike?

Bajeti ya Tanzania ya Juni 2018 iliziondolea taulo za kike Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, kwa njia ya msamaha. Mwaka mmoja baadaye kodi ikarudi. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alieleza kuwa bei haikushuka na unafuu uliishia kwa wafanyabiashara.

Ni rahisi kumtupia lawama muuza jumla wa Kariakoo. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya VAT yenyewe.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachouza pakiti kwa shilingi 2,000 na kuongeza VAT ya 360. Tuseme kimeshalipa VAT ya 200 kwenye malighafi, vifungashio na umeme. Kodi ikiwepo, kinajirejeshea hiyo 200 na kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) 160 iliyobaki. Bidhaa ikipewa msamaha, hakitozi tena 360, ila pia hakiruhusiwi kudai ile 200. Inageuka gharama na kuingia kwenye bei: pakiti ya 2,360 inashuka hadi 2,200 tu. Huo unafuu wa 160 bado upite kwa msambazaji, muuza jumla na mwenye duka la Mbagala, na hakuna chombo kinachowapangia bei kama EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inavyotangaza bei kikomo za mafuta.

Ipo njia nyingine, kiwango cha sifuri: kiwanda hakitozi VAT, na ile 200 kinarejeshewa. Afrika Kusini iliifuata kwa taulo hizihizi Aprili 2019.

Ndiyo maana nawathamini sana wanawake wanaozijua hesabu za serikali kwa undani. Zakia Meghji alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha nchini, mwaka 2006. Saada Mkuya akashika nafasi hiyo 2014. Lakini kazi hii haifanywi na mawaziri peke yao. Pale Mabibo, Dar es Salaam, TGNP, shirika linalotetea usawa wa kijinsia, imekuwa ikidai bajeti yenye mrengo wa kijinsia tangu miaka ya 1990, na semina zake za Jumatano zimewafungulia wakazi wa kawaida wa jiji mlango wa kuihoji bajeti. Wabunge na wanaharakati wakilirudia dai la taulo, nawaomba walitaje kwa jina lake kamili: kiwango cha sifuri. Neno "msamaha" tumeshaliona lilipotufikisha.