Mbunge kijana, mvua za masika na lawama za kijiweni

Mvua kubwa ikipiga usiku mmoja na barabara ya Jangwani ikafungwa, kesho yake kwenye kijiwe cha kahawa pale Magomeni, Dar es Salaam, jina la kwanza kutajwa ni la mbunge. Akiwa kijana ndio anakoma. "Si tulisema yule bado mtoto?" Miaka yote niliyokaa kwenye vijiwe hivi nimekuwa nikiumia kuona vijana waliothubutu wakipimwa kwa mizani isiyo yao. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Ubunge ni wa watu wazima, kijana asubiri zamu."

Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 67 inataka raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Haidai digrii wala mvi. Halima Mdee aliingia bungeni mwaka 2005 akiwa na miaka 27. John Mnyika alilichukua jimbo la Ubungo mwaka 2010 kabla hajafikisha 30.

Kigingi chenyewe ni hilo sharti la chama. Mgombea binafsi hana nafasi, kwa hiyo kijana hushinda au kuanguka kwanza kwenye mchujo wa ndani, ambako wapiga kura wengi wa jimbo hawamo. Na akishapata kiti, chama kikimvua uanachama, ubunge nao unakwenda. Nadhani hili ndilo lingepaswa kutukera kuliko umri wake.

"Viti maalumu ni ubunge nusu."

Mbunge wa viti maalumu, yaani vile vya wanawake vinavyogawiwa kwa vyama, anauliza maswali, anakaa kwenye kamati na kupiga kura kama mwenzake wa jimbo. Tofauti zipo, mfano Waziri Mkuu lazima atoke kwa wabunge wa majimbo. Lakini Mdee huyohuyo alianzia viti maalumu, akagombea jimbo la Kawe mwaka 2010 akashinda, na mwaka 2015 akashinda tena.

"Tumemchagua atujengee mitaro."

Hapa ndipo vijana wetu wanapoumizwa, na wakati mwingine wanajiumiza wenyewe kwa ahadi za kwenye kampeni. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu ni za TANROADS, maji ya Dar es Salaam ni ya DAWASA. Mbunge haongozi hata kimoja kati ya hivyo. Upo mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, ila fedha hupitia halmashauri na zinatosha vitu vidogovidogo: mabati ya darasa hapa, choo cha shule pale.

Basi ana nini mkononi? Ana swali, ambalo waziri analazimika kulijibu mbele ya nchi nzima. Ana kiti kwenye baraza la madiwani. Na ana shilingi. Bajeti ya wizara inapopitiwa kifungu kwa kifungu na ikafika kwenye mshahara wa waziri, mbunge asiyeridhika anaweza kusimama na kutangaza kwamba anashika shilingi, yaani anataka mshahara ule upunguzwe shilingi moja. Fedha yenyewe si kitu. Uzito wake ni kwamba hoja inajadiliwa na waziri anabanwa atoe maelezo au ahadi, ndipo shilingi irudishwe. Ahadi hiyo inaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata anaweza kuulizwa imefikia wapi.

Njia nyingine ni hoja binafsi, ile ambayo mbunge anaileta mwenyewe. Februari 2013 Mnyika alipeleka hoja kuhusu shida ya maji Dar es Salaam. Iliondolewa kabla ya kuamuliwa na ukumbi ukachafuka. Maji hayakutoka bombani siku ile, lakini kero ya ndoo na madumu ya Ubungo ilikuwa imefika mezani kwa taifa.

"Akitolewa bungeni, kisiasa amekwisha."

Mwaka 2007 Zitto Kabwe, akiwa bado kwenye kipindi chake cha kwanza, alisimamishwa ubunge kwa sababu ya hoja yake kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani iliyopitia sekta ya madini.

"Hasikiki, kwa hiyo hafanyi kazi."

Vipande vya video kwenye simu vinaonyesha wanaopayuka. Kwenye kamati, ambako ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, husomwa ukurasa kwa ukurasa na watendaji kuhojiwa, kamera ni chache. Mbunge mgeni anayetaka kuijua serikali anajifunzia huko.

"Ametukimbia, amehamia Dodoma."

Zamani Bunge lilikaa hapa kwetu, ukumbi wa Karimjee. Sasa liko Dodoma, na mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Masika yetu nayo ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo wiki ileile tunayouliza kijana wetu yuko wapi, huku maji yamejaa sebuleni, ndiyo wiki fedha za TARURA zinapojadiliwa, na kiti chake kikiwa kitupu siku hiyo hakuna wa kuishika shilingi.